Ardhi Hii Haiuzwi

Mtaani kwetu kuna ukuta wa matofali ya saruji ambao mpaka leo haujapigwa plasta, na juu yake mtu ameandika kwa rangi nyekundu iliyochuruzika: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Watu wawili walikaa mahali, mmoja akajifanya mwenye mali, mwingine akatoa arbuni, karatasi ikagongwa mhuri, na mama mwenye nyumba akaja kupata habari asubuhi moja alipomkuta mgeni uani kwake na futikamba. Mgeni alikuwa na hati. Iwe halali isiwe halali, ilikuwa hati, na tangu siku ile mwenye kazi ya kujieleza akawa mama.

Tanzania mkataba mbaya una jina la mtu. Mjadala wa madini, bandari au gesi ukipamba moto, haipiti siku kabla hujasikia "tusirudie ya Mangungo". Novemba 1884 Carl Peters, kijana wa miaka 28, alifika Msovero, Usagara, na fomu zake za mikataba, na Chifu Mangungo akaweka alama yake kwenye karatasi iliyosema ameitoa nchi yake yote kwa chama cha Wajerumani. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kumcheka. Hakujua kusoma, basi akaliwa.

Mimi naona tunamwonea. Kosa la mikataba ya aina ile halikukaa kwenye macho ya aliyetia saini, na anayetaka ushahidi aache kwanza Usagara aende Marekani, nchi iliyonenepa kwa hati za ununuzi kuliko taifa lolote la zama hizi. Mwaka 1783 ilikuwa majimbo 13 yaliyobanana ufukweni mwa Atlantiki, na mpaka wake wa magharibi ulikuwa Mto Mississippi. Miaka 84 baadaye ilikuwa imeshika Pasifiki na kuchungulia Urusi kwenye barafu ya kaskazini. Vita vilikuwepo, tena vingi, lakini karibu kila kipande kina risiti. Ukizisoma hizo risiti kwa utulivu unakuta muuzaji mara nyingi si mwenye mali, na mwenye mali hayumo chumbani.

Tuanze na kubwa lao. Wakulima wa Kentucky, Tennessee na Ohio hawakuwa na njia ya maana ya kuvusha mazao milimani kwenda mashariki. Unga, nyama ya nguruwe na tumbaku vilishushwa kwa mashua hadi New Orleans, mdomoni mwa Mto Mississippi, vikahifadhiwa ghalani, vikapakiwa melini. Oktoba 1802 ofisa wa Hispania aliyekuwa akiendesha mambo pale akawafungia ghala. Kumbe Hispania ilikuwa imeshakubali, kwa mkataba wa siri wa mwaka 1800, kuirudishia Ufaransa jimbo zima la Louisiana. Rais Thomas Jefferson alishtuka kweli. Mhispania dhaifu mdomoni mwa mto anavumilika. Napoleon ni habari nyingine.

Jefferson alitaka mji tu. Wajumbe wake, Robert Livingston aliyekuwa Paris tayari na James Monroe aliyetumwa kumsaidia, walikuwa na ruhusa ya kutoa kama dola milioni 10 kwa New Orleans na sehemu ya Florida. Tarehe 11 Aprili 1803 Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, akamuuliza Livingston wangetoa kiasi gani kwa jimbo lote. Livingston alikuwa mzito wa kusikia, na nadhani siku ile aliyalaumu masikio yake.

Jibu la kwa nini Napoleon auze halipo Paris wala Washington. Lipo Haiti. Napoleon aliitaka Louisiana iwe shamba la kulishia visiwa vyake vya sukari, na kisiwa cha maana kilikuwa Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, ambako watumwa walikuwa wameshajikomboa chini ya Toussaint Louverture. Akampeleka shemeji yake, Jenerali Leclerc, na maelfu ya askari kuwarudisha kwenye minyororo. Toussaint alikamatwa kwa hila, akasafirishwa Ufaransa, akafia kwenye ngome ya baridi ya Fort de Joux tarehe 7 Aprili 1803, siku nne kabla Talleyrand hajamuuliza Livingston swali lake. Lakini jeshi la Leclerc lilikuwa limeshakwisha kwa risasi na homa ya manjano, na Leclerc mwenyewe alishazikwa tangu Novemba. Bila sukari ya Saint-Domingue, Louisiana ilikuwa mzigo, na vita na Uingereza vilikuwa mlangoni. Bora fedha.

Wakaelewana faranga milioni 60, pamoja na milioni 20 nyingine za madai ya raia wa Marekani dhidi ya Ufaransa ambayo Marekani ilikubali kuyalipa yenyewe. Jumla dola milioni 15. Kwa eneo la kilomita za mraba zaidi ya milioni 2, hesabu inakuja kama senti 3 kwa ekari. Marekani haikuwa na fedha hizo mfukoni, ikatoa hati fungani za riba ya asilimia 6, na walioziuza na kumpatia Napoleon fedha taslimu walikuwa benki ya Hope ya Amsterdam na benki ya Barings ya London. Ndiyo, London, wiki zile zile Uingereza ilipokuwa ikiingia vitani na Napoleon. Fedha haina bendera.

Vitabu vingi huishia hapo, senti 3 kwa ekari, biashara ya karne. Lakini weka pembeni ile hesabu ya faranga milioni 80, halafu ruka hadi mwaka 1825. Mwaka huo Ufaransa ilipeleka meli za kivita Haiti na kudai faranga milioni 150 ili ikubali kuwatambua watu wale kuwa huru. Baadaye ikapunguza deni likawa milioni 90 kwa jumla, na Haiti ikalilipa, kwa mikopo juu ya mikopo, kwa miongo mingi. Yaani waliouwezesha mnada wa Louisiana walitozwa, kwa ajili ya kisiwa chao wenyewe walichokwisha kukikomboa kwa damu, zaidi ya bei ya nusu bara. Na Marekani, iliyovuna kuliko wote kutokana na damu ile, haikuitambua Haiti mpaka mwaka 1862.

Umiliki wenyewe nao una vituko vyake. Ufaransa ilikuwa imeiahidi Hispania kwamba haitampa mtu mwingine jimbo lile. Wakati hati inatiwa saini, bendera iliyokuwa ikipepea New Orleans bado ilikuwa ya Hispania. Wafaransa walikabidhiwa mji tarehe 30 Novemba 1803, nao wakaukabidhi kwa Wamarekani tarehe 20 Desemba. Mwenye nyumba wa siku 20! Mkataba haukutaja hata mipaka ya mali iliyouzwa. Livingston alipouliza, Talleyrand alimjibu kwamba mmejipatia biashara nzuri, natumaini mtaifaidi ipasavyo. Dalali wa kwetu angesema: kiwanja ni hiki hapa, mengine mtajuana na majirani.

Majirani, kwa kweli, ndio waliokuwa wenyeji. Waosage, Wapawnee, Wamandan na Walakota walikuwa wakiishi, wakilima, wakiwinda na kupigana kwenye nchi hiyo, na wengi wao hawakuwahi kuiona sura ya ofisa wa Kifaransa. Wanasheria wa Washington walilijua hilo, na hawakudai kwamba wamenunua ardhi yenyewe. Walichonunua ni haki ya kuwa mnunuzi pekee. Ufaransa iliuza nafasi yake kwenye foleni. Mwaka 1823, katika kesi ya Johnson na M'Intosh, Jaji Mkuu John Marshall aliliweka wazi: wenyeji wana haki ya kukaa kwenye ardhi yao, ila wakitaka kuuza, mnunuzi ni mmoja tu, nayo ni serikali.

Mkulima wa korosho wa Mtwara au wa tumbaku wa Urambo anaijua maana ya soko la mnunuzi mmoja. Huna pa kupeleka gunia lako. Bei anaitaja yeye, siku ya malipo anaipanga yeye, na ukinung'unika anakusubiri uchoke. Ndivyo mikataba na wenyeji ilivyoandikwa. Serikali ya Marekani iliridhia zaidi ya mikataba 360 na mataifa ya wenyeji kati ya mwaka 1778 na 1871, na katika mingi kitu kilichokuwa kikibadilishwa kwa blanketi, majembe na posho ya mwaka kilikuwa ardhi.

Jefferson aliijua mbinu hiyo vizuri kuliko wanaomsifia leo. Februari 1803, kabla hata ya habari za Louisiana kuuzwa, alimwandikia kwa faragha William Henry Harrison, gavana wa Indiana, akamweleza kwamba ingefaa maduka ya serikali yawakopeshe wakubwa wa wenyeji mpaka wazame, kwa sababu deni likizidi uwezo wao watakubali kulilipa kwa kumega ardhi. Mali kauli, halafu shamba. Barua ipo, inasomeka, na haina aibu hata chembe.

Kama elimu ndiyo iliyomponza Mangungo, basi Wacherokee, taifa la wenyeji wa kusini-mashariki ya Marekani, walipaswa kupona. Walikuwa na maandishi yao wenyewe, yaliyobuniwa na Sequoyah. Walikuwa na katiba tangu 1827 na gazeti, Cherokee Phoenix, tangu 1828, likichapishwa kwa lugha mbili. Walikuwa na kiongozi, John Ross, aliyekwenda Washington na kurudi mpaka njia ikamzoea. Jimbo la Georgia lilipowabana, hasa baada ya dhahabu kuonekana milimani mwaka 1829, walikwenda mahakamani. Na mwaka 1832, katika kesi ya Worcester, Mahakama ya Juu ikasema sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya nchi ya Wacherokee.

Walishinda kesi, nchi ikaenda. Tarehe 29 Desemba 1835, huko New Echota, kikundi kidogo ambacho hakikutumwa na serikali ya Wacherokee kilitia saini mkataba wa kuitoa nchi yote mashariki ya Mississippi kwa dola milioni 5. Katika kikundi hicho alikuwemo Elias Boudinot, mhariri wa kwanza wa lile gazeti. Naye hakuwa mjinga. Alikuwa ameshakata tamaa, akaona heri kuuza kwa bei kuliko kunyang'anywa bure. Ross akakusanya majina zaidi ya 15,000 ya watu waliopinga, katika taifa la watu kama 16,000. Seneti ikayapokea, ikauridhia mkataba kwa kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizohitajika. Mwaka 1838 wanajeshi wakawatoa watu majumbani, na inakadiriwa kama 4,000 walikufa kambini na njiani wakielekea magharibi. Boudinot aliuawa na Wacherokee wenzake Juni 1839.

Walisoma, wakashtaki, wakashinda, wakapeleka majina, na bado mtu ambaye hakutumwa na yeyote akawekewa kalamu mkononi. Sasa Mangungo angefanya nini kwa kujua a, e, i, o, u?

Jambo hili lina nyuzi zilizofika mpaka kwetu, tena nyuzi kweli, za pamba. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na kwa miaka mingi baadaye meli za Salem, Massachusetts, ndizo zilizotamba Unguja zikichukua pembe, gundi ya sandarusi na karafuu. Walichotuletea zaidi ni kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wa pwani wakakiita merikani, na jina likashika. Mpagazi wa Kinyamwezi alilipwa kwa merikani, hongo ya kupita nchi ya mtu ililipwa kwa merikani. Kitambaa kilifumwa Massachusetts, lakini pamba ilitoka Kusini, na pamba ya Kusini katika miaka hiyo ilikuwa ikisogea kwa kasi Alabama na Mississippi, kwenye ardhi waliyoondolewa Wacreek, Wachoctaw na Wachickasaw kwa mikataba ya miaka ile ile, ikilimwa na watumwa. Doti aliyojifunga mtu wa Tabora ilikuwa na hati ya ardhi ndani yake.

Ukitaka kucheka kidogo, tazama ramani. Mwaka 1783 Benjamin Franklin, John Adams na John Jay walikaa Paris na Waingereza kuchora mpaka, mbele yao ramani ya John Mitchell ya mwaka 1755. Wakakubaliana kwamba kutoka pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa la Woods, mstari uende moja kwa moja magharibi hadi ukutane na Mto Mississippi. Haukutani. Chanzo cha mto kiko kusini ya pale. Ramani haikuweza kuwaambia, maana sehemu hiyo hiyo mchoraji alikuwa amebandika kiramani kidogo cha Hudson Bay. Mwaka 1818, kwa Mkataba wa London, walijaribu kurekebisha kwa kushusha mstari kutoka kwenye ile pembe hadi nyuzi 49 za kaskazini, na katika kushusha wakakata kipande cha ardhi kikabaki juu peke yake. Kipo mpaka leo, ni sehemu ya Minnesota, kina watu wasiofika 200, na kwa barabara hufiki huko bila kupita Kanada.

Mwaka 1846 waliuvuta mstari huo huo wa nyuzi 49 hadi Pasifiki, na ukakata ncha ya rasi ndogo inayoning'inia kutoka Kanada. Point Roberts ni Marekani, na watoto wake wakishamaliza madarasa ya chini hupanda basi la shule linalovuka mpaka kuingia Kanada na kuuvuka tena kuingia Marekani, kila asubuhi. Hapo jirani, kwenye visiwa vya San Juan, mkataba haukusema mkondo upi ndio mpaka. Mwaka 1859 Mmarekani mmoja akampiga risasi nguruwe wa kampuni ya Waingereza, na majeshi mawili yakakodoleana macho. Mwamuzi wa shauri hilo, mwaka 1872, alikuwa Kaiser Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani. Huyo huyo, Februari 1885, ndiye aliyeibariki ile mikoba ya karatasi za Carl Peters. Mzee alikuwa na mkono mwepesi kwa nchi za watu.

Kwa Mexico risiti ilikuja baada ya bunduki. Texas ilikwisha kuingizwa mwaka 1845 kwa azimio la Bunge baada ya mkataba wake kugonga mwamba Seneti, na vita vikafuata. Septemba 1847 jeshi la Marekani lilikuwa ndani ya Mexico City. Rais James Polk alimtuma karani mkuu wa wizara ya mambo ya nje, Nicholas Trist, kujadili amani, halafu akabadili mawazo na kumwita arudi. Trist akagoma. Alihofu kwamba akiondoka serikali ya Mexico itaanguka na hakutabaki wa kutia saini, basi akaendelea na mazungumzo bila mamlaka yoyote. Tarehe 2 Februari 1848, Guadalupe Hidalgo, mtu aliyekwisha kuachishwa kazi aliipatia nchi yake California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya kusini-magharibi. Pamoja na Texas, Mexico ilipoteza zaidi ya nusu ya nchi iliyodai. Malipo yalikuwa dola milioni 15, sawasawa na Louisiana.

Mtu ambaye mwenzake amemkalia kifuani, kisha akamwekea noti mfukoni, hatuwezi kusema ameuza. Kwa nini basi Marekani ilipe? Kwa sababu ilitaka karatasi. Ushindi unaweza kupingwa na mshindi mwingine. Hati ya mauzo, yenye saini ya muuzaji, humfunga muuzaji mdomo na watoto wake. Polk alikasirika, akaikubali hati, akamnyima Trist mshahara wake. Alilipwa mwaka 1871, akiwa mzee. Na siku tisa kabla ya saini, huko Sutter's Mill, California, dhahabu ilikuwa imeonekana mtoni. Hakuna aliyekuwa mezani aliyejua.

Trist na wenzake walikuwa wameandika kifungu cha kulinda hati za ardhi walizopewa raia na serikali ya Mexico. Seneti ikakifuta. Mwaka 1851 ikatungwa sheria iliyowataka wenye mashamba California wathibitishe umiliki wao mbele ya tume, na kesi nyingi ziliburuzwa mahakamani mpaka shamba likauzwa kumlipa wakili. Ule ukuta wa mtaani kwetu ungeelewa.

Hata ramani ya mkataba huo ilikosea, ikauweka mji wa El Paso mahali usipokuwepo, na mzozo wa bonde la Mesilla ukazaa ununuzi mwingine, wa Gadsden, uliotiwa saini Desemba 1853. Dola milioni 10 kwa kilomita za mraba kama 77,000 za jangwa, kwa sababu watu wa Kusini walitaka njia ya reli. Santa Anna, aliyekuwa akitawala Mexico, alihitaji fedha.

Alaska naipita haraka, kwa kuwa kisa kinajirudia na baridi imeongezeka tu. Urusi, iliyohofia Waingereza wangeichukua bure, iliiuza kwa dola milioni 7.2, saini ikawekwa saa kumi alfajiri tarehe 30 Machi 1867. Siku ya makabidhiano huko Sitka bendera ya Urusi ilinasa mlingotini, ikabidi mwanajeshi apandishwe kuinasua. Watlingit, wenyeji wa pale, waliisema hoja ile ile: Mrusi alikuwa na vituo vichache vya ngozi, anauzaje nchi nzima? Wakapuuzwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1968 mafuta yakagunduliwa Prudhoe Bay, na bomba haliwezi kupita kwenye ardhi yenye mgogoro. Mwaka 1971 Bunge likapitisha sheria ya kuwalipa wenyeji wa Alaska dola milioni 962.5 na kuwaachia ekari milioni 44. Ukiacha mfumuko wa bei, ni zaidi ya mara 130 ya alicholipwa Mrusi. Ghafla mwenye nyumba alionekana.

Halafu Ufilipino, mwaka 1898, dola milioni 20 kwa Hispania, miezi michache baada ya Wafilipino kujitangazia uhuru. Mjumbe wao, Felipe Agoncillo, alikwenda Paris na hakuruhusiwa kuingia mazungumzoni. Na mwaka 1917 visiwa vya Denmark katika Karibi, dola milioni 25 za dhahabu. Wadenmark walipiga kura ya maoni. Wakazi wa visiwa, wengi wao vizazi vya watumwa, hawakuwa na kura humo. Leo wanaitwa raia wa Marekani na bado hawamchagui rais.

Ndani ya makubaliano yale ya visiwa kulikuwa na tamko dogo: Marekani haitapinga Denmark kupanua maslahi yake ya kisiasa na kiuchumi hadi Greenland yote. Mwaka 1946 serikali ya Rais Truman ikaona heri kuinunua, ikatoa ofa ya dola milioni 100 za dhahabu, Denmark ikakataa. Mwaka 2019, na tena 2025, Donald Trump akairudisha hoja mezani na dunia ikamwona mtu wa ajabu. Sikumwona wa ajabu. Aliishika kalamu ya Jefferson na ya Seward, waziri aliyeinunua Alaska. Kilichobadilika ni chumba: tangu mwaka 2009 sheria ya Denmark yenyewe inawatambua watu wa Greenland kuwa taifa lenye haki ya kujiamulia, na safari hii waliopaza sauti ya kwanza kusema haiuzwi walikuwa wao.

Nisidanganye kwamba karatasi hizi zilikuwa moshi tu. Zina tabia ya kumgeukia aliyeziandika. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba eneo walilotengewa Wacreek kwa mikataba ya karne ya 19, likiwemo eneo kubwa la jiji la Tulsa, halikuwahi kufutwa kisheria. Bunge lilisahau kuvunja ahadi yake rasmi, basi ahadi ipo.

Na kuna Black Hills, milima ya Dakota Kusini. Mwaka 1868, Fort Laramie, Marekani iliwaahidi Walakota na wenzao milima ile kwa maandishi, ikaongeza kwamba hakuna kipande kitakachotoka bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1874 dhahabu ikaonekana. Zikatafutwa saini, hazikufika hata robo, na mwaka 1877 milima ikachukuliwa kwa sheria ya Bunge. Kesi ilizunguka kwa miongo. Juni 1980 Mahakama ya Juu ikasema serikali ililipie: dola milioni 17.1 za thamani ya wakati ule, pamoja na riba ya asilimia 5 kwa mwaka tangu 1877, jumla zaidi ya milioni 100.

Walalamikaji wameshinda, hundi ipo, na hawajaichukua. Fedha hizo zimekaa kwenye akaunti ya serikali zikizaa, na zimeshapita dola bilioni moja. Walakota wengi ni maskini wa kutupwa. Akina mama wa Pine Ridge, moja ya maeneo waliyotengewa, wangejua pa kuzipeleka. Lakini kupokea ni kutia saini mauzo. Kwenye jiwe la mlima mmojawapo wa milima hiyo imechongwa sura ya Jefferson, urefu wa mita 18, pamoja na marais wengine watatu, na watalii hufika na kupiga picha. Walakota nao wana maneno yao, wanayaandika kwenye mabango na fulana, nami nilipoyasoma mara ya kwanza niliukumbuka ule ukuta: Black Hills haiuzwi.